UZI: Moyo na mishipa ya damu chini ya hadubini. Kila ukuta una sababu ya unene wake

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha histolojia, somo la tishu za mwili kama zinavyoonekana kwenye hadubini. Kila mwaka napokea vijana waliokwisha kukariri kwamba mshipa wa damu una tabaka tatu na msuli wa moyo una mistari. Wanaandika hivyo kwenye mtihani, wanafaulu, halafu wakifika wodini hawawezi kumweleza mama wa watu kwa nini presha yake imefika kwenye figo. Inaniuma, maana jibu walilitazama kwenye slaidi wakalipita. Na humu jukwaani wengi mnauguza wazazi wenye presha, sukari au moyo uliotanuka, mnarudi kutoka kliniki na karatasi zenye maneno magumu. Kwa hiyo uzi huu ni wa wote.

Ninachosimamia ni hiki: ukuta wa moyo na wa kila mshipa umejengwa kwa kadiri ya shinikizo unalolibeba, na magonjwa mengi ya moyo huacha alama zao kwenye ujenzi huo. Ukiujua ukuta, ugonjwa utausoma.

Leo moyo. Mishipa kesho, Mungu akipenda.

Kwa kawaida tishu haiingii kwenye hadubini ikiwa mbichi. Inahifadhiwa kwenye fomalini, inatolewa maji kwa alkoholi, inazamishwa kwenye nta ya parafini iliyoyeyuka, na nta ikishaganda inakatwa vipande vya unene wa mikromita 4 au 5. Mikromita 1,000 ndizo milimita moja. Halafu inatiwa rangi. Rangi za kawaida ni hematoksilini na eosini: viini vya seli vinatoka zambarau iliyokolea, sehemu nyingine zinatoka waridi.

Seli ya msuli wa moyo ina urefu wa mikromita 100 hivi na upana wa 10 hadi 25. Kiini chake kimekaa katikati, mara nyingi kimoja, mara nyingine viwili. Hapo tayari umeshaitofautisha na seli ya msuli wa paja, ambayo inaweza kuwa ndefu kwa sentimita nyingi na ina viini mamia kwa mamia vilivyosukumwa pembeni. Tofauti ya pili ni matawi. Seli ya moyo hugawanyika mwishoni, tawi lake likashikana na la jirani, jirani na mwingine, mpaka moyo mzima unakuwa wavu wa mvuvi: ukivuta jicho moja, macho ya karibu yote yanafuata.

Mahali seli mbili zinapokutana unaona kistari cheusi kinachokatiza. Tunakiita diski ya maungio. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba moyo hauna mipaka ya seli kabisa, kwamba ni bonge moja la uhai lenye viini vingi. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyomaliza ubishi huo. Mwaka 1954 Sjöstrand na Andersson walionyesha kwamba kwenye kistari hicho kuna tando mbili za seli mbili, zimepakana bila kuungana. Ndani ya diski kuna viungo vya aina tatu. Kimoja kinafunga nyuzi za aktini, protini mojawapo ya kujikunja, ili nguvu ya mvuto ihame kutoka seli hii kwenda ile. Cha pili ni desmosomu, kinachozuia seli zisichanike moyo unapojikunja. Cha tatu ni vijia vyembamba vilivyojengwa kwa protini iitwayo koneksini, na humo ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinapita moja kwa moja bila kutoka nje ya seli. Umeme wa moyo unasafiri kwa njia hiyo.

Wapo watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni za desmosomu. Seli zao za moyo, hasa upande wa kulia, zinaachana polepole, zinakufa, na pengo linajazwa mafuta na makovu. Umeme ukifika kwenye kovu unapotea njia. Baadhi yao ni vijana wenye nguvu wanaoanguka ghafla uwanjani, na watu wa nyumbani wanabaki kutafuta mchawi.

Tuingie ndani ya seli. Mistari mnayoisikia ni sakomea, vipimo vidogo vya mikromita 2 hivi vilivyopangwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo seli moja ina kama 50 kwenye mstari mmoja. Kila sakomea ina nyuzi nene za miosini katikati na nyuzi nyembamba za aktini zinazoingia kutoka pande zote mbili. Moyo unapojikunja, nyuzi hizo hazifupiki. Zinateleza, moja ikiingia zaidi katikati ya nyingine. Hilo nalo lilitangazwa mwaka huohuo wa 1954, na vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja kwa njia yake.

Kuna protini ya tatu ambayo vitabu vingi vya shule vinairuka: titini. Ndiyo protini kubwa kuliko zote zinazojulikana katika mwili wa binadamu. Molekuli yake moja inaanzia ukingoni mwa sakomea na kufika katikati, zaidi ya mikromita moja, na ndiyo inayourudisha msuli kwenye umbo lake baada ya kunyooshwa na damu inayoingia. Hitilafu kwenye jeni ya titini ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya kurithi vya moyo kutanuka.

Robo hadi theluthi ya ujazo wa seli hii imejaa mitokondria, viwanda vya nishati. Karibu kila seli ina kapilari yake pembeni, yaani mshipa wa damu mwembamba kuliko yote. Ukiona tishu iliyopewa kiasi hicho cha mitokondria na damu, jua haikuumbwa kupumzika wala kuvumilia kukosa oksijeni.

Jambo la mwisho kwa leo ni kalsiamu, maana ndiyo inayotoa amri ya kujikunja. Utando wa seli ya moyo unazama ndani na kutengeneza mifereji, na kila mfereji umekaribiana na ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli. Kalsiamu kidogo inaingia kutoka nje, hiyo kidogo inafungua ghala, ghala linamwaga nyingi. Msuli wa paja hauhitaji ile ya kutoka nje, wa moyo hauwezi bila hiyo. Daktari wa London aitwaye Sydney Ringer aliligundua kwa mkasa. Mwaka 1882 aliripoti kwamba moyo wa chura unaendelea kupiga ukiwa ndani ya maji yaliyosafishwa na kutiwa chumvi. Baadaye akabaini kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yaliyosafishwa, yalikuwa ya bomba, na maji ya bomba la London yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji safi kweli, moyo ulisimama. Akaandika upya mwaka 1883 na kueleza wazi kilichotokea. Dripu ya Ringer inayoning'inizwa hospitalini hadi leo imetoka kwenye kazi hiyo.

#2 Mchangiaji, Dodoma

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Umesema umeme unapita kwenye vijia vya koneksini. Sasa nani anauanzisha? Na kwenye slaidi nitamtambuaje?

#3 Mleta uzi

Marahaba mwanangu.

Anayeanzisha ni kundi la seli lililo kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, karibu na mahali vena kuu ya juu inapoingia. Ni seli za msuli wa moyo zilizoacha kazi ya kujikunja. Ni ndogo, zimepauka, nyuzi zao za sakomea ni chache na hazina mpangilio, na zimezungukwa na kolajeni nyingi, ile protini ya nyuzi ngumu inayojenga hata makovu. Ukiona sehemu ya msuli wa moyo iliyofifia rangi, yenye seli nyembamba zilizozama kwenye tishu ya kolajeni na kijiateri kikipita katikati, umefika. Seli hizo zina njia za ioni zinazovuja taratibu, kwa hiyo umeme wake unapanda wenyewe mpaka unalipuka, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia.

Waliozipata ni Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack, mwaka 1907, na Flack aliziona kwanza kwenye moyo wa fuko. Mwaka mmoja kabla, Mjapani Sunao Tawara akiwa Ujerumani alikuwa ameeleza kituo cha pili kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini. Hapo umeme unacheleweshwa kama sehemu ya kumi ya sekunde, na sababu yake unaiona kwa macho: seli ni nyembamba na vijia vyake ni vichache. Ucheleweshaji huo ndio unaovipa vyumba vya chini muda wa kujaa.

Kutoka hapo umeme unaingia kwenye nyuzi za Purkinje, alizoziona Jan Purkyně mwaka 1839 kwenye moyo wa kondoo. Hizo ni kinyume kabisa. Seli zake ni nene, katikati ni nyeupe kwa sababu ya glaikojeni (akiba ya sukari ya seli) iliyooshwa wakati wa kuandaa slaidi, na umeme unakimbia ndani yake. Zitafute chini tu ya utando wa ndani wa ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo. Usizitafute katikati ya msuli, utapoteza kipindi kizima.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Shukran ndugu kwa darsa hili. Baba yangu alilazwa kwa maumivu ya kifua, wakampima kitu kinaitwa troponini na wakasema ipo juu, moyo umeumia. Troponini ni nini? Na hizo seli zilizokufa zitaota tena?

#5 Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, Mungu amponye mzee.

Troponini ni kipande cha sakomea. Imekaa juu ya uzi wa aktini, na kazi yake ni kupokea kalsiamu na kuruhusu miosini ishike. Mahali pake ni ndani ya seli. Ikionekana kwenye damu kwa wingi, maana yake tando za seli za moyo zimepasuka na yaliyomo yamevuja. Maabara imepima mabaki ya msuli wenyewe.

Ateri ya moyo ikiziba, seli zinaweza kuokolewa kwa dakika 20 hadi 40 za mwanzo. Baada ya hapo zinaanza kufa moja kwa moja, kuanzia upande wa ndani wa ukuta kwenda nje, na kifo hicho kinaendelea kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu kila saa ya kuwahi hospitali ina thamani. Kwenye hadubini ya kawaida huoni kitu mpaka yapite kama masaa manne au zaidi. Halafu seli zinakuwa waridi kali na viini vinapotea. Siku ya kwanza hadi ya tatu chembe nyeupe za neutrofili zinajaa. Baada ya hapo makrofaji wanakuja kusafisha, na karibu na mwisho wa wiki ya kwanza ukuta unakuwa laini kuliko wakati wowote. Ndiyo maana mzee anaambiwa atulie hata kama anajisikia nafuu. Wiki zinazofuata mishipa midogo mipya inachipua, kolajeni inawekwa, na ikifika miezi miwili pale pamekuwa kovu.

Swali la kuota tena liliwasumbua wataalamu kwa zaidi ya karne. Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Majaribio ya mabomu ya nyuklia angani, kabla ya mkataba wa mwaka 1963, yaliongeza kaboni ya aina ya 14 hewani duniani kote. Kila seli inayozaliwa inaiweka kaboni ya wakati wake kwenye DNA. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipima kaboni hiyo kwenye viini vya seli za moyo za marehemu na kutangaza mwaka 2009 kwamba seli mpya zinazaliwa, ila chache sana: kama asilimia 1 kwa mwaka mtu akiwa na miaka 25, na asilimia 0.45 akiwa na 75. Maisha yote, chini ya nusu ya seli za msuli wa moyo ndizo zinazobadilishwa. Kovu la mzee, kwa hiyo, halitageuka msuli. Kinacholindwa kwa dawa ni ule msuli uliobaki, usitanuke wala usichoke. Asiache dawa kwa sababu maumivu yameisha.

#6 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu ndiyo sababu hatusikii saratani ya moyo?

#7 Mleta uzi

Ni sehemu kubwa ya sababu. Saratani inahitaji seli zinazogawanyika, na hizi hazigawanyiki kirahisi. Uvimbe unaoanzia kwenye moyo upo lakini ni nadra, na kwa watu wazima ulio wa kawaida zaidi ni miksoma, ambao si saratani na hukaa zaidi kwenye chumba cha juu cha kushoto. Saratani za sehemu nyingine ndizo zinazosafiri na kufika kwenye moyo mara nyingi zaidi.

#8 Mleta uzi (sehemu ya pili: mishipa)

Wakuu, tuendelee.

Mwaka 1628 William Harvey alithibitisha kwamba damu inazunguka: inatoka kwenye moyo kwa ateri na kurudi kwa vena. Hakuwahi kuona inavuka vipi kutoka huku kwenda kule. Alifariki mwaka 1657. Miaka minne baadaye Marcello Malpighi, Mtaliano, alitazama pafu la chura kwa hadubini na kuziona kapilari. Hiki ndicho kipande kilichokosekana, na kinanigusa kila ninapokifundisha, maana Harvey aliamini kwa hesabu na mantiki kitu ambacho macho yake hayakukifikia.

Tabaka tatu mnazokariri ni hizi: ya ndani, ya kati yenye msuli laini na elastini (protini inayonyumbuka kama mpira), na ya nje ya kolajeni. Sasa tazama zinavyobadilika.

Aota, ateri kuu inayotoka kwenye moyo, inapokea damu moyo unapojikunja, mara 70 hivi kwa dakika. Tabaka lake la kati lina karatasi za elastini, kama 50 kwa binadamu, na kati ya karatasi mbili kuna seli za msuli laini. Kwa rangi ya Verhoeff elastini inatoka nyeusi, na nakuombeni kila mwenye nafasi aione, ni mistari myeusi inayopindapinda ukuta mzima. Panya mdogo ana karatasi 5 hivi. Nguruwe anazo zaidi ya 70. Mwaka 1967 Wolinsky na Glagov walilinganisha wanyama wa ukubwa mbalimbali na kukuta kwamba kila karatasi, kwa panya au kwa nguruwe, inabeba mzigo unaokaribiana. Mnyama akiwa mkubwa hapewi karatasi yenye nguvu zaidi. Anaongezewa idadi.

Moyo ukijikunja aota inatanuka, ukilegea aota inarudi na kuisukuma damu mbele, ndiyo maana mtiririko haukatiki kati ya pigo na pigo. Shida ni kwamba elastini inatengenezwa zaidi tumboni mwa mama na utotoni. Ukubwani mwili hautengenezi mpya ya maana. Karatasi zinakatikakatika kadiri miaka inavyokwenda, kolajeni inachukua nafasi, aota inakuwa ngumu. Bibi yako akipimwa presha na namba ya juu ikawa 170 huku ya chini iko 75, unaangalia aota iliyokwisha kukakamaa.

Ateri za kati, zile za mkono, paja na za moyo wenyewe, zina elastini kidogo na msuli mwingi, hadi matabaka 40 ya seli. Ndani kuna mstari mmoja wa elastini uliokunjamana, ndio alama yake kwenye slaidi. Kazi yake ni kugawa: kiungo kinachohitaji damu kinafunguliwa, kisichohitaji kinabanwa.

Halafu ateriole. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo presha inapoamuliwa. Ni kimshipa chenye kipenyo cha chini ya milimita 0.1 hivi, na tabaka moja mpaka matatu tu ya msuli. Upinzani wa mtiririko unategemea nusu kipenyo ikizidishwa yenyewe mara nne. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, upinzani haupandi mara mbili, unapanda mara 16. Msuli mdogo kiasi kile ukikaza kidogo tu, mwili mzima unasikia. Dawa nyingi za presha mnazowanunulia wazazi zinafanya kazi hapo, kwenye seli ambazo huwezi kuziona kwa jicho.

Kapilari haina msuli. Kipenyo chake ni mikromita 5 hadi 10, na chembe nyekundu ya damu ina 7 au 8, kwa hiyo zinapita moja moja, nyingine zikijikunja. Ukuta ni seli moja bapa ya endothelia na utando mwembamba chini yake, na hapa na pale seli ya perisaiti imeukumbatia kwa nje. Kwenye msuli na ubongo ukuta umeziba, wa ubongo umebanwa zaidi ya wote. Kwenye figo na utumbo una vitundu vya nanomita 60 hadi 80; nanomita 1,000 ndizo mikromita moja. Kwenye ini, wengu na uboho una mianya mikubwa inayopitisha hata protini, na kwenye wengu na uboho chembe nzima.

Vena nitazipita haraka. Kuta nyembamba, uwazi mpana, shinikizo dogo, na kwenye miguu kuna vali ambazo Fabricius, mwalimu wa Harvey kule Padua, alizieleza mwaka 1603. Kwenye slaidi vena huonekana imelala na kukosa umbo, ateri iliyo pembeni yake imesimama mviringo.

Kinachounganisha yote haya ni endothelia. Ni tabaka la seli moja, na haliishii popote: linafunika ndani ya moyo, aota, ateri, ateriole, kapilari, vena, na kurudi tena moyoni. Kwa muda mrefu lilidhaniwa ni ngozi tu ya kuzuia damu isivuje. Mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade waliona ndani ya seli hizi vijiti vidogo visivyojulikana. Baadaye ikagundulika kwamba vimebeba protini ya kugandisha damu, tayari kumwagwa mshipa ukijeruhiwa. Na mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha jambo zito zaidi: kipande cha aota ya sungura kikipewa asetilikolini, kemikali ya ujumbe ya neva, kinalegea, lakini ukikwangua endothelia kinakaza. Maana yake tabaka hilo linatuma ujumbe kwa msuli. Ujumbe wenyewe ulikuja kutambulika kuwa ni gesi, naitriki oksaidi, na kwa kazi hiyo Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kidonge cha nitrogliserini anachowekewa mgonjwa wa kifua chini ya ulimi kinatoa gesi hiyohiyo.

#9 Mchangiaji, Morogoro

Mwalimu, umegusia presha na figo mwanzoni, hujarudi. Mama yangu ana presha kwa miaka mingi, haumwi chochote, anaona dawa ni kumsumbua tu.

#10 Mleta uzi

Dada, asante kwa kunikumbusha. Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Presha ikikaa juu, ateriole zinaumia kimyakimya. Protini za damu zinapenyeza kupitia endothelia na kujikusanya ukutani, seli za msuli zinaongeza ujenzi, na kwenye slaidi unaona ukuta umevimba, waridi tupu, unang'aa bila seli ndani yake. Tundu la katikati linabaki dogo. Kumbuka ile hesabu ya mara 16. Kwenye figo kila ateriole inalisha kifundo cha kapilari kinachochuja damu, na kikikosa damu kinasinyaa na kuwa kovu. Figo ina vifundo vya namna hiyo takriban milioni moja kila upande, kwa hiyo mtu anaweza kupoteza vingi sana bila kuhisi. Kisukari kinafanya ubaya wa namna hiyo hiyo, na vikikutana pamoja kasi inaongezeka.

Upande wa moyo, ventrikali ya kushoto inasukuma dhidi ya upinzani huo. Seli zake haziwezi kuongezeka idadi, nimeeleza hapo juu, basi zinanenepa. Sakomea mpya zinapangwa ubavuni mwa zile za zamani, seli inakuwa pana, kiini kinakuwa kikubwa chenye kona. Lakini kapilari haziongezeki kwa kasi hiyo. Oksijeni inasafiri umbali mrefu zaidi kufika katikati ya seli, nyingine zinakufa, kolajeni inajaa katikati yake. Kwa rangi ya Masson kolajeni hiyo inatoka bluu, msuli mwekundu, na unaona bluu imeingia kila mahali. Kwanza moyo unakuwa mgumu, haujai vizuri, mgonjwa anachoka akipanda ngazi. Baadaye unaweza kutanuka.

Mama hasikii chochote kwa sababu hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayouma. Dawa anayokunywa inalegeza ateriole, na kwa ventrikali iliyonenepa, presha ikidhibitiwa vizuri unene huo unaweza kupungua. Mwambie hivyo, na mwombe kliniki wampime mkojo kama una protini.

#11 Mchangiaji, Kampala

Wapendwa, naongeza kutoka huku kwetu. Kuna ugonjwa wa utando wa ndani wa moyo ambao historia yake imeanzia Uganda. Jack Davies, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kampala, aliuandika mwaka 1948. Utando wa ndani wa ventrikali, ambao kwa kawaida ni mwembamba mno, unakuwa kovu nene, hasa kwenye ncha ya moyo. Vyumba vinashindwa kutanuka kupokea damu. Wanaougua ni watoto na vijana wa maisha duni, wanakuja na matumbo yaliyojaa maji.

#12 Mleta uzi

Umefanya vyema sana kuuleta, ndugu. Ni ugonjwa unaoonekana zaidi kwenye nchi za joto, na chanzo chake hakijathibitishwa mpaka leo, ingawa seli nyeupe za eosinofili zimeshukiwa muda mrefu. Kwa wanafunzi: ukuta wa ventrikali hapo unaweza kuwa na msuli mzuri kabisa. Ubaya ni tabaka la ndani, limetoka kwenye mikromita chache likawa milimita kadhaa za kolajeni, na juu yake mara nyingi kuna damu iliyoganda.

Tusiuchanganye na baridi yabisi ya moyo, ambayo huku kwetu inaharibu vali za watoto wengi zaidi. Ile inaanza na koo la bakteria wa streptokoka lisilotibiwa. Vali ya kawaida ni jani jembamba la kolajeni lisilo na mishipa ya damu ya kutajwa. Baada ya homa hiyo kujirudia, mishipa inachipua ndani yake, jani linanenepa, kingo zinashikana. Mtoto akiumwa koo na homa, apelekwe akaangaliwe.

#13 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu swali la mwisho kwangu. Malaria inakaa kwenye chembe nyekundu. Inakuwaje mtu anapoteza fahamu? Ubongo unahusikaje, wakati umesema kapilari zake zimebanwa kuliko zote?

#14 Mleta uzi

Swali zuri mno, na jibu lake lipo kwenye endothelia.

Vimelea vya Plasmodium falciparum havitoki nje ya mshipa. Vikishakaa ndani ya chembe nyekundu kwa karibu siku moja, vinapeleka protini zake kwenye utando wa chembe, na juu yake vinaota vinundu vya ukubwa wa nanomita 100 hivi, vinavyoonekana kwa hadubini ya elektroni. Vinundu hivyo vinanasa kwenye vipokezi vya seli za endothelia. Chembe iliyokuwa ipite kwa kujikunja sasa imekwama, nyuma yake nyingine zinakwama. Ukitazama ubongo wa aliyefariki kwa malaria kali unaona kapilari na vena ndogondogo zimejaa chembe zenye nukta nyeusi za rangi ya kimelea, zimejipanga kando ya ukuta. Oksijeni haifiki, endothelia inaumia, ule ubano unalegea, ubongo unavimba.

Kimelea kinafaidika kwa kunasa huko, kwa sababu chembe iliyokomaa ikipita kwenye wengu ingeng'amuliwa na kuharibiwa. Na hii ndiyo sababu mtaalamu wa maabara akitazama damu ya kidoleni ya mgonjwa wa falciparum anaona zaidi vimelea vichanga, vile vya umbo la pete. Vilivyokomaa vimeng'ang'ania kwenye kuta za mishipa ya ndani. Kwa hiyo kwa mtoto aliyelegea au anayedegedeka, idadi ndogo ya vimelea kwenye slaidi haimaanishi kwamba malaria yake ni ndogo.